Toleo la Septemba limefika Magomeni

Jarida lilikuja limeviringishwa ndani ya suruali ya jinzi, katikati ya chokoleti na chupa za losheni, kwenye begi la binamu yangu aliyekuwa akirudi likizo kutoka Ujerumani. Wengine walimwagiza simu. Mimi nilimwagiza Burda la mwezi wa tisa, jarida la Kijerumani la ushonaji, na alipokuwa dukani alinipigia kuuliza kama nina hakika, maana kila ukurasa aliofunua ulikuwa na koti.

Nilikuwa na hakika. Jioni ile ile nililibeba mpaka Magomeni kwa shangazi, nikalifungua barazani pembeni ya cherehani yake. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Septemba. Kipupwe kilishaaga, vuli haijabisha hodi, na feni ilikuwa inahamisha joto kutoka kona hii kwenda kona ile. Ukurasa wa kwanza aliouangukia shangazi ulikuwa na binti mrefu kama mnazi, amesimama juu ya majani makavu, amejifunika koti la sufu mpaka chini ya magoti, na skafu juu yake.

"Huyu anaumwa?" akauliza.

Shangazi ameshona zaidi ya miaka 40 na hajawahi kutumia patani, ile michoro ya vipande vya nguo kwenye karatasi inayofuatwa wakati wa kukata. Anapima, anaandika namba kwenye daftari la wateja, anatandaza kitambaa mezani, chaki inapita mara tano au sita, mkasi unafuata. Mteja akimwonyesha mshono kwenye simu, anautazama kidogo, anauliza swali moja tu, "Zipu nyuma au ubavuni?", kisha anamwambia aje Alhamisi. Magauni ya sendofu, sare za kicheni pati, mablauzi ya walimu, yote yamepita kwenye meza ile bila karatasi hata moja. Ndiyo maana kila nikija na jarida langu ananitazama kama mtu anayemtazama mpishi wa pilau aliyeshika kijiko cha kupimia chumvi.

Nami namwelewa. Karatasi ya patani ya Burda, ukiikunjua mara ya kwanza, utadhani ni ramani ya mabomba ya maji ya jiji zima. Vipande vya nguo nyingi vimechorwa juu ya vingine, mistari ya rangi tofauti inapishana, na ndani ya kila rangi kila saizi ina mstari wa namna yake: mwingine wa vinukta, mwingine wa vistari, mwingine umenyooka. Unatafuta namba ya kipande chako pembezoni mwa karatasi, unaifuata ndani kwa kidole mpaka uikute, halafu unanakili mstari wa saizi yako peke yake na kuiacha mingine yote. Wenzetu wa huko wana karatasi nyepesi ya kazi hiyo. Mimi natumia nailoni nyembamba, ile ya kufunikia meza, na kalamu ya kuandikia kwenye CD. Nimewahi kutumia magazeti, lakini gazeti halionyeshi kilicho chini yake, na matokeo ya ligi yalikuwa yananitoa kwenye kazi.

Halafu kuna lile jambo ambalo mgeni wa jarida hili lazima alijue mapema, vinginevyo atalia: patani zake hazina nafasi ya mshono. Mstari unaouona ndio unaposhonwa, siyo unapokatwa. Sentimeta moja na nusu unaiongeza mwenyewe kuzunguka kipande, na kwenye pindo unaongeza zaidi. Maelekezo yanasema hivyo wazi, ila mimi blauzi yangu ya kwanza niliikata juu ya mstari, nikashona, nikaivaa mpaka kwenye viwiko ikakataa kwenda mbele. Sasa anaivaa mtoto wa dada yangu wa darasa la saba, na ameipenda kweli.

Mwanamke aliyeanzisha jarida hili, Aenne Burda wa mji wa Offenburg, alikuwa na kisa ambacho kingetosha kuandikwa kwenye khanga. Mwaka 1949 aligundua kwamba mumewe, mchapishaji magazeti, alikuwa amemfungulia mwanamke wa nje kampuni ya majarida ya mitindo. Hakwenda kugombana mtaani. Aliidai kampuni ile iwe yake, akaipata, na Januari 1950 toleo la kwanza likatoka, nakala 100,000. Mwaka 1952 patani zikaanza kuwekwa ndani ya jarida lenyewe. Ujerumani ilikuwa ndiyo kwanza inajikung'uta vumbi la vita, nguo za madukani ghali, na wanawake wengi walikuwa wanajua kushona lakini hawana pa kupata mshono mzuri wa kisasa. Mwaka 1987 likaingia Umoja wa Kisovyeti kwa Kirusi. Nilipomsimulia shangazi, mambo ya Warusi hayakumshughulisha. Alichotaka kujua ni yule mwanamke wa nje aliishia wapi.

Nirudi kwenye kuchagua, maana ndiko nilikopoteza vitambaa vingi.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nachagua kwa picha. Gauni limevaliwa na msichana aliyekaa kwenye ukuta wa mawe, bahari nyuma yake, upepo umeinua sketi, mimi nimeshafika Kariakoo kichwani. Nimeshona magauni mawili kwa njia hiyo. Yote mawili, yalipovaliwa na mtu aliyesimama wima kwenye chumba kisicho na bahari, yalikuwa magunia. Baadaye nikarudi kwenye picha na kuzikagua kama askari wa usalama barabarani. Huyu amekaa. Huyu ameshika kiuno, kumbe anabana kitambaa. Mkoba wa huyu umefunika ubavu wote wa kushoto, na wa mwisho anakimbia. Siku hizi mwanamitindo asiposimama wima hata kwenye picha moja, najiuliza gauni linaficha nini.

Kwa hiyo sasa naanzia nyuma. Kwenye kurasa za maelekezo kuna michoro midogo ya mistari mitupu, nguo bila mtu ndani, mbele na nyuma. Haina uso, haina upepo, haina Italia. Pale ndipo unapoona kama kifua kimebanwa kwa mikunjo au kimeachwa wazi, kama mkono umeunganishwa begani au umekatwa pamoja na kiwiliwili, na kama zipu ipo au ni kiini macho cha mpiga picha. Jarida linaonyesha pia ugumu wa kila nguo kwa vinukta. Kinukta kimoja na nusu ni jioni moja ya Jumamosi kama umeme upo. Vikifika vitatu, jua kuna kola yenye kishikilio ndani, au mifuko iliyofichwa kwenye mshono, au vyote viwili na bitana juu.

Toleo hili nililisoma hivyo, kalamu mkononi, na mwisho nikabaki na nguo tatu: gauni lenye utepe wa kufunga shingoni, suruali ya kiuno kirefu yenye malinda mawili mbele, na, Mungu anisamehe, lile koti.

Gauni lilidumu siku mbili. Lilionyeshwa kwa kitambaa laini cha kumwagika, cha upana wa sentimeta 140, na mimi kwenye sanduku nilikuwa na kitenge cha yadi sita nilichokitunza tangu Idi. Hapa kuna hesabu ambayo jarida haliwezi kukufanyia, kwa sababu halijui kitenge. Kitenge chetu kina upana wa kama sentimeta 115. Ukikikunja katikati unapata 57 na ushee. Kitambaa chao kikikunjwa kinatoa 70. Kipande cha mbele cha sketi ya gauni lile kilikuwa na sentimeta 64 chini kwenye pindo, na hiyo ni nusu yake tu. Hakiingii. Urefu unao, yadi sita ni mita tano na nusu, unaweza kukata mashuka, lakini upana huna. Njia ni mbili: kuweka mshono katikati ya mbele ambapo mchoraji hakuuweka, au kulaza kipande kwa upande mwingine, na ukifanya hivyo ndege wote wa kitenge watalala chali.

Halafu kuna namna kitambaa kinavyokaa. Kitenge cha nta kinasimama. Sketi iliyobuniwa idondoke mwilini kama maji, ukiishona kwa kitenge inakuwa mwavuli. Siyo kosa la kitenge, wala la mchoraji. Gauni la solo la shangazi linapendeza kwa kitenge kwa sababu lilizaliwa kwa kitenge, yeye alikuwa amekishika mkononi wakati analifikiria. Lile la jarida lilizaliwa kwa kitambaa kingine. Na utepe wa shingoni kwa kitenge kigumu ungekaa kama masikio ya sungura. Nikaliacha.

(Khanga ni mtihani mwingine kabisa. Niliwahi kukata gauni kwenye doti yenye maneno "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", patani nimeifuata vizuri tu, pindo nimelipanga chini linavyotakiwa. Nilipovaa, mbele ilisomeka "ndiye" na nyuma, pale penyewe, "siye". Nililivaa nyumbani mpaka likachakaa.)

Suruali ilikuwa na ugomvi wake. Shangazi aliutazama mchoro, akanitazama mimi, akarudi kwenye mchoro. "Karatasi haina makalio, mwanangu," akasema. Na ni kweli, patani zile zimepimwa kwa mwanamke wa sentimeta 168, mwenye mwili unaoongezeka kwa mpangilio saizi hadi saizi. Mimi nina 158. Kifua changu, sentimeta 92, kinaniweka kwenye saizi 40. Nyonga zangu zimekataa kukaa huko, ziko saizi 44. Kwa hiyo nikinakili gauni naanza na mstari wa 40 kwapani, kisha taratibu nahama mpaka mstari wa 44 kabla sijafika nyonga. Na zile sentimeta kumi za urefu hazikatwi zote chini kwenye pindo kama wengi wanavyofanya. Ukipunguza chini tu, kiuno cha nguo kitabaki kwenye nyonga zako na goti la suruali litakuwa kwenye shavu la mguu. Unapunguza kidogo kifuani, kidogo kati ya kiuno na nyonga, kinachobaki chini. Jarida lina pia saizi za wanawake wafupi, lakini huzikuti kila mshono, na ukizikuta kwa kawaida ni kwenye gauni ambalo hukulitaka.

Hayo yote nilimweleza shangazi kwa mbwembwe, nikimwonyesha mistari ninavyoihamisha. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa si ungenipa tu futi nikupime?"

Hapo ndipo tunapoachana, mimi na yeye, na tumeachana hapo miaka yote. Shangazi akikukata suruali leo ikakukaa, ile suruali ndiyo kumbukumbu pekee ya alichokifanya. Chaki imefutika. Daftari lina kiuno, nyonga na urefu, lakini halina ule mkunjo wa nyuma alioupinda kwa mkono huku akiongea na jirani. Ukirudi mwakani anaanza upya, na nyingine inatoka nzuri, au inatoka siyo. Mimi nailoni yangu inakumbuka. Nikikosea nakosea kwenye nailoni, narekebisha, naandika tarehe. Nina patani moja ya sketi ya penseli niliyoirekebisha mara nne, na sasa nikiikata hata usiku kwa taa ya simu inanikaa. Wanaosomea ushonaji VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi, wanafundishwa kuchora patani zao wenyewe kutoka kwenye vipimo vya mteja, na hiyo ndiyo njia bora kuliko zote. Mimi sina uwezo huo. Mimi ni mtu wa ofisini ninayeshona Jumamosi, nahitaji mtu mwingine awe ameshafikiria mkono unavyoingia begani.

Na ofisini ndiko koti lilikonipatia.

Sikuwa nalifikiria kwa dhati. Nililiweka kwenye orodha kwa uchu tu, kama unavyopita dukani kugusa kitambaa usichoweza kukinunua. Lakini Jumatatu ile, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu pale Posta chini ya kiyoyozi kilichowekwa kumi na nane na bosi anayetembea na suti, nimejifunika kitenge mabegani kama bibi anayesubiri matokeo ya hospitali. Nikaangalia ukumbi. Dada wa masijala ana sweta ya shule ya mwanawe. Mhasibu ana pashmina. Kijana wa kompyuta ana jaketi la bodaboda. Nje jua linapasua mawe, ndani sisi wote tuko Novemba ya Offenburg.

Baridi ya Dar ipo, imehamia ndani. Ipo maofisini, benki, na kwenye mabasi ya mikoani yanayoondoka alfajiri. Na kila Desemba nusu ya jirani zangu wanapanda kwenda Kilimanjaro, wengine Njombe na Mbeya, na kule hakuna wa kuwauliza kama wanaumwa.

Nikarudi kwenye mchoro wa koti, siyo kwenye picha. Ukimvua yule binti sufu, skafu na majani makavu, kilichobaki ni kitu chepesi sana: migongo miwili iliyounganishwa katikati, mbele mbili, mikono iliyokatwa pamoja na mabega, mifuko miwili, mkanda. Hakuna kola. Hakuna vifungo. Vinukta viwili tu. Mapande yalikuwa membamba na marefu, kwa kuwa koti lina mshono mgongoni, na lile lililonishinda kwenye gauni halikuwa tatizo hapa. Kipana kuliko vyote, mgongo pamoja na mkono wake, kilikuwa na sentimeta 55 baada ya kuongeza mshono. Kinaingia kwenye 57. Nilipima mara tatu. Bitana naiacha. Sufu naiacha. Na ugumu wa kitenge, ule ulioharibu gauni, ndio koti linaoutaka.

Jumamosi nikaenda Kariakoo, kitenge nilishakuwa nacho, kutafuta marekani ya kujaribia. Kabla ya kukata kitambaa chenyewe nashona kwanza nguo ya majaribio kwa marekani, naipiga bandi kwa mkono, mishono ya muda tu, naivaa, nachora juu yake kwa kalamu panapovuta na panapolegea, nafumua, narudisha masahihisho kwenye nailoni. Jina la kitambaa hiki limebeba safari yake: karne ya 19 pamba hii ngumu isiyopaushwa ilikuwa inaletwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts, na watu wa pwani wakaiita kwa nchi ilikotoka. Jimbo hilohilo, kwenye mji mdogo wa Sterling, mwaka 1863, fundi aitwaye Ebenezer Butterick alianza kuuza patani za karatasi zenye saizi, ili mama wa nyumbani aweze kukata nguo bila kuwa fundi. Wakati ule vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekata biashara ya marekani huku kwetu. Sijui kwa nini jambo hili linanifurahisha kiasi hiki, kwamba kitambaa na karatasi vilitoka upande mmoja na mimi navikutanisha barazani Magomeni.

Shangazi hakufurahishwa. Aliponikuta nimevaa koti jeupe la majaribio, nyuzi za bandi zinaning'inia, alishika mlango.

"Astaghfirullah. Umejishonea sanda?"

"Najaribu tu, shangazi. Hiki siyo kitambaa chenyewe."

"Kitambaa kizima kwa ajili ya kujaribu." Akanizunguka. Akakaa. Akainuka tena, akavuta bega la kushoto, akabana kwa vidole viwili. "Hapa pamezidi. Na hapa nyuma, ukiinama patapanda." Hakuangalia nailoni, hakuangalia mchoro. Akaichukua chaki yake ya bluu kutoka kwenye kopo la Blue Band na kunichora begani, mstari mmoja mfupi. Nilipofumua na kupima, ulikuwa sentimeta moja na robo, na mshono ulipohamia pale, kola isiyokuwepo ikakaa kama ipo.

Nikauhamishia mstari wake kwenye nailoni. Nikaandika tarehe.

Kitenge nimekifua kabla ya kukata, mara mbili, wanga utoke na kama ni kurudi kirudi kabisa, na sasa kiko kwenye kamba. Mkanda bado sijaamua, kitenge hichohicho au cha rangi moja. Jana usiku nilikuwa nakusanya vitu vyangu niondoke, jarida nimeshalifunga, shangazi akiwa na suruali ya mteja chini ya sindano, nyuma yake imefumuliwa kwa mara ya pili. Hakuinua kichwa.

"Ile suruali yenye malinda," akasema. "Uliinakili?"

"Bado."

"Inakili. Ya saizi kubwa kubwa, 46 hivi." Akazungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikapanda. "Kipande cha nyuma tu. Mbele naijua."